Usyk, Fury au Joshua: mkubwa wa ngumi za leo ni nani?

KALEMIE – Mabishano ya ngumi katika muji huu hayana saa. Yanaanza kwenye kituo cha motari, yanaingia saluni ya kunyolea, na siku ya pambano kubwa yanafika usiku wa manane mbele ya televisheni inayowashwa kwa jenereta, kila mtu akiwa ametoa mchango wake wa mafuta. Swali ni moja: kati ya mabondia wa uzito wa juu wa kizazi hiki, nani anawapita wote? Oleksandr Usyk wa Ukraine, Tyson Fury au Anthony Joshua wa Uingereza, au Deontay Wilder wa Marekani?

Jibu ni Usyk. Wapenzi wa Fury wasikasirike kabla ya kusoma mpaka mwisho.

Wazee nao wana jibu lao, na halimo katika orodha hiyo. Mzee anayekumbuka alfajiri ya tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, wakati Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman katika raundi ya 8 pale Kinshasa, hataki kusikia habari ya bondia mwingine. Ana haki yake. Lakini kijana akimwambia, "Papa, ile ni kesi ya wakati wenu, leo tunakata ya wakati wetu," naye amesema kweli. Kitu kimoja cha usiku ule kibaki mezani: Foreman ndiye aliyekuwa na nguvu zaidi, na kila mtu alijua. Ali aliegemea kamba, akamwacha mwenzake apige mpaka mikono ikawa mizito, kisha akamaliza kazi.

Wanaomchagua Fury huanza na umbo. Ana mita 2 na sentimita 6. Usyk ana mita 1 na sentimita 91 hivi, na hakuzaliwa katika uzito huu, alipanda kutoka uzito wa chini yake. Walipokutana mara ya pili, Fury alimzidi kwa zaidi ya kilo 20. Ndiyo maana watu wengi walisema, hata hapa, kwamba mtu mdogo mwenye akili hashindi mtu mkubwa mwenye akili. Fury si gunia la viazi. Anacheza miguu, anadanganya kwa mabega, anakulalia shingoni mpaka unachoka. Mwaka 2015 alikwenda Düsseldorf, Ujerumani, akamnyang'anya Wladimir Klitschko mikanda yake. Kisha akapotea zaidi ya miaka miwili kwa ugonjwa wa huzuni, unene na pombe, akarudi, na mwezi wa kumi na mbili 2018 Wilder akamlaza chini katika raundi ya 12. Kila aliyeona alidhani imekwisha. Akaamka, pambano likawa sare. Baadaye alimpiga Wilder mara mbili, 2020 na 2021. Mtu wa namna hiyo hawezi kudharauliwa.

Basi nini kinamweka Usyk juu yake? Ni mahali alipopigana, na watu aliopigana nao. Mkanda wake wa kwanza wa dunia aliuchukua Gdańsk, Poland, 2016, kwa Mpoland Krzysztof Głowacki. Kisha alimpiga Marco Huck Berlin, Mairis Briedis Riga kwao Latvia, Murat Gassiev Moscow. Katika uzito ule alikusanya mikanda yote minne bila kupigana hata mara moja mbele ya watu wake mwenyewe. Mwisho wa 2018 akamfuata Tony Bellew Manchester, akamzimisha katika raundi ya 8. Huyo Bellew ndiye aliyemkatalia Mkongomani Ilunga Makabu ubingwa wa dunia kule Liverpool mwaka 2016, na hapa Kongo watu wengi walipumua kidogo. (Makabu mwenyewe alipata mkanda wake mwezi wa kwanza 2020, Kinshasa, mbele ya ndugu zake.)

Alipopanda uzito wa juu aliendelea vilevile. Joshua alimkuta London mwaka 2021, uwanja mzima ukimwimbia Joshua. Mwaka 2022 vita vikaingia inchi yake. Usyk alirudi nyumbani akajiunga na walinzi wa muji wa Kyiv, na baada ya hapo ndipo akaenda kujiandaa kwa marudiano. Mwezi wa nane akamshinda Joshua tena, Jeddah. Mkaaji wa Tanganyika au wa Kivu haitaji kuelezwa maana ya kufanya mazoezi huku kila simu inayolia nyumbani inakushtua.

Halafu Riyadh, tarehe 18 mwezi wa tano 2024. Hapa ndipo saluni hupata joto. Fury alikuwa anaongoza katikati ya pambano, akimchezea Usyk kama mtoto. Raundi ya 9 Usyk alimkamata kwa mkono wa kushoto, Fury akatangatanga kutoka kamba hadi kamba, refa akamhesabia. Waamuzi wawili walimpa Usyk, 115-112 na 114-113, wa tatu akampa Fury 114-113. Mtu achukue kalamu: bila hesabu ile ya refa, karatasi moja ingetoka 114 kwa 114, na pambano zima lingekuwa sare. Kwa hiyo anayesema Fury alikuwa karibu hasemi uongo. Lakini mwezi wa kumi na mbili walirudiana, na waamuzi wote watatu waliandika 116-112 kwa Usyk. Fury alilalamika. Karatasi tatu zinazofanana ni vigumu kuzijibu.

Kuna hoja moja ya upande wa pili yenye uzito wa kweli. Hadi mwisho wa 2025 Usyk alikuwa amepigana mara nane tu katika uzito wa juu, na sita kati ya hizo ni kwa watu watatu: Joshua mara mbili, Fury mara mbili, Daniel Dubois mara mbili. Tena pambano la kwanza na Dubois, Wrocław 2023, lilibaki na doa. Dubois alimpiga karibu na mkanda, refa akasema ni chini ya mkanda, Usyk akapewa dakika kadhaa za kupumua. Wengine bado wanasema ile ilikuwa KO. Marudiano ya Wembley, mwezi wa saba 2025, yalimalizika raundi ya 5, Dubois akiwa chini. Na Dubois huyo ndiye aliyekuwa amemzimisha Joshua hapo hapo Wembley mwaka uliotangulia.

Joshua alijaza uwanja kwa watu 90.000 siku ya Klitschko, 2017, lakini alianguka mbele ya Andy Ruiz, mtu wa tumbo, New York 2019. Wilder ana mkono wa kulia uliolaza watu zaidi ya 40. Mkono peke yake.

Mabishano haya yana faida gani kwa Mkongomani? Yanamgusa Martin Bakole, mtoto wa Kananga na mdogo wa Makabu, anayefanya mazoezi Scotland. Mwaka 2022 alikwenda Paris akamshinda Tony Yoka, bingwa wa Olimpiki, mwenye baba Mkongomani. Mwezi wa nane 2024 alimwangusha Jared Anderson kule Los Angeles, na Wakongomani wakaanza kuhesabu siku za mkanda. Mwezi wa pili 2025 Dubois aliugua kabla ya pambano lake na Joseph Parker, Bakole akapigiwa simu. Alipewa taarifa siku mbili tu kabla ya kengele, akafika Riyadh akiwa na zaidi ya kilo 140. Raundi ya 2, akaanguka.

Saluni ziligawanyika. Wamoja walimwita shujaa, wengine walisema aliuza jina lake. Usyk naye alikuwa anakwenda kwa adui, lakini alifika akiwa mwepesi, miezi ya mazoezi mwilini. Bakole alikuwa na nusu ya ushujaa huo. Nusu ile nyingine ndiyo ambayo makocha wa vijana hapa wanaililia, kwa sababu kijana akiwa mrefu na mnene anaambiwa tayari ni bondia wa uzito wa juu, na kukimbia asubuhi anaachia wembamba.

Mwezi wa tano 2025 Bakole alirudi Riyadh akatoka sare na Efe Ajagba wa Nigeria. Wanaompenda wanasema alishinda. Kabla ya kumtaja pamoja na Usyk, wamwombe kwanza apungue kilo 20.