Nyasi ya Vetiva Katika Vilima vya Machakos

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Machakos huuvuka Mto Athi, akakata mbuga kavu iliyo wazi pande zote, na afikapo njia panda ya Kyumbi huiacha barabara kuu ya Mombasa na kushika mkono wa kushoto. Mwendo wote hauzidi sana kilometa 60. Mbele yake huona Vilima vya Iveti vimesimama nyuma ya mji, na ubavuni mwao mistari mingi iliyolala sambamba, mmoja juu ya mwingine, kama vidato vya ngazi. Mgeni hudhani vilima viliumbwa hivyo. Lakini kila mstari ni tuta lililochimbwa kwa jembe na mikono ya watu, na wengi wa watu hao wamekwisha kufa.

Katika miaka ya 1930 nchi hii ilikuwa na sifa mbaya. Colin Maher, ofisa aliyeshughulikia habari za udongo, aliandika mwaka 1937 kwa masikitiko kwamba Ukambani ilikuwa ikielekea kuwa jangwa. Serikali ya wakati ule ilisema kwamba ng'ombe ndio waliozidi, ikaanza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei ndogo. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi kwa miguu kumlalamikia Gavana, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Yeye alikamatwa akapelekwa kifungoni Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha Serikali iliacha kuwatwaa ng'ombe kwa nguvu. Baada ya Vita Kuu ya pili watu walilazimishwa kuchimba mitaro, na kazi ya kulazimishwa haikupendwa. Ajabu ni kwamba baadaye, walipoona wenyewe kuwa shamba lenye matuta hubaki na maji na kuzaa zaidi, walichimba bila ya kuamrishwa na mtu, wakisaidiana katika vikundi vyao vya mwethya. Tuta ambalo udongo wake hutupwa upande wa juu likaitwa “fanya juu”, na jina hilo la Kiswahili sasa limo katika vitabu vya kilimo vya nchi nyingi. Watu wa wilaya walikuwa wapata 240,000 mwaka 1932. Kufikia mwaka 1989 walikuwa kama milioni 1.4, na mashamba yalikuwa yamehifadhiwa vizuri kuliko zamani.

Hata hivyo si kila shamba lililopona. Mjomba wangu analima ekari tatu katika ubavu mmoja wa vilima hivyo. Juu ya shamba lake kuna njia ya miguu ipitayo kati ya mashamba mawili, na mvua kubwa inyeshapo njia hiyo hugeuka kijito. Kijito hicho kilichimba korongo. Nilipokuwa mtoto tulilivuka kwa kuruka; nilipomzuru mjomba mwezi wa Septemba, miaka minne iliyopita, lilikuwa limepita kimo cha mtu, na kila mvua lilizidi kula kwenda juu. Hapo juu, chini ya mwembe, amezikwa nyanya yangu. Nilipima kwa miguu kutoka ukingo wa korongo mpaka kaburini: hatua kumi na moja.

Safari hiyo nilikuwa nimebeba gunia la miche ya vetiva kutoka kitalu cha rafiki yangu karibu na Thika. Asili ya nyasi hii ni Bara Hindi, ambako mizizi yake yenye harufu nzuri husukwa kuwa pazia, likanyunyiziwa maji na kutundikwa mlangoni ili upepo uingiao uwe wa baridi. Huko Haiti na Réunion mizizi hiyo hukamuliwa mafuta ya manukato. Wakulima wa miwa katika vilima vya Fiji waliitumia kuzuia udongo katika miaka ya 1950, na miaka ya 1980 Benki ya Dunia iliitangaza sana huko India. Jirani zetu wa Ethiopia waliipata kutoka Tanzania mapema katika miaka ya 1970 ili kuyalinda mashamba ya kahawa ya upande wa Jimma, na kutoka hapo ikaenea.

Nguvu yake ni mizizi. Nyasi nyingi hutandaza mizizi kando kando, lakini vetiva huishusha wima, na mahali pazuri huweza kufika meta tatu katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo haimnyang'anyi sana mahindi jirani yake chakula. Aina ile ipandwayo mashambani haitoi mbegu za kuota, wala haitambai, basi haiwi gugu: utakapoipanda ndipo utakapoikuta miaka thelathini baadaye. Mashina yake ni magumu na husimama wima mbele ya maji. Ikipandwa kwa mstari ulioshikana, maji hayazuiwi kabisa bali hupunguzwa mbio, yakapenya taratibu na kuuacha udongo nyuma ya ua. Udongo ule hujilundika mwaka baada ya mwaka, hata tuta likajijenga lenyewe.

Hayo yote nilimweleza mjomba kwa ufasaha mwingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa mche mmoja katika gunia, akaupindapinda jani.

“Ng'ombe huila hii?”

“Huila ikiwa changa, mjomba. Ikikomaa huikataa.”

Akacheka. “Basi, mwanangu, umeniletea mgeni wa kukaa shambani asiye na cha kunipa. Mimi nina ng'ombe wawili. Kingo za matuta yangu ndizo malisho yao. Niking'oa nepia nikapanda hii, maziwa utanipa wewe?”

Nakiri kwamba sikuwa na jibu, na nadhani wengi waisifuo nyasi hii hawana. Mtu mwenye ekari tatu huhesabu kila hatua ya ardhi. Tulizungumza mpaka usiku, tukapatana hivi: nepia ibaki katika kingo zote za matuta, na vetiva ipandwe korongoni tu, mahali ambapo nepia ilikuwa imekwisha kung'olewa na maji mara mbili.

Kosa lililofuata lilikuwa langu. Mvua za vuli huanza Oktoba, lakini mimi nilingoja likizo yangu ya Desemba, nikapanda zikiwa karibu kwisha. Wiki mbili baadaye jua lilitoka, na kati ya miche minne ilikufa mitatu. Mjomba hakunilaumu, alisema tu kwamba nyasi haina kalenda ya ofisi. Masika yalipokuja, korongo lilikula hatua mbili.

Mwaka uliofuata tuliianza kazi kwa utaratibu. Ile miche michache iliyopona ilikuwa imenenepa kuwa vichaka, nami nikaleta magunia mengine mawili. Tulifunga miti mitatu kwa umbo la herufi A, tukaning'iniza jiwe kwa uzi katikati, na kwa kipimo hicho tukaupata mstari ulio sawa, usiopanda wala kushuka. Kila kichaka kilipasuliwa vipande vya mashina mawili matatu, majani yakakatwa yakabaki marefu kama shubiri, mizizi ikapunguzwa, na mche ukapandwa karibu na mwenzake kiasi cha upana wa kiganja na vidole. Watu hupenda kuachanisha miche ili ienee zaidi, na huko ni kujidanganya, maana palipo na nafasi ndipo maji yatakapopita yote kwa pamoja. Korongoni tulivuka mistari saba kutoka ukingo hadi ukingo, na chini ya kila mstari tukapanga mawe ya kuishikilia miche mpaka ipate kushika yenyewe.

Lakini lililokuwa gumu kuliko kupanda ni maneno. Maji yalitoka katika ile njia ya miguu, na ili yageuzwe ilibidi mtaro upite katika shamba la jirani wa juu, mtu ambaye mjomba hakuwa amesema naye vizuri tangu kesi ya mpaka. Mjomba alikwenda kwake jioni tatu. Sikuambiwa walizungumza nini. Siku ya nne wanawake wa mwethya walikuja na majembe yao, mtaro ukachimbwa toka asubuhi mpaka saa tisa, na mjomba akawapikia isyo sufuria mbili.

Mvua mbili za kwanza hazikutupendeza. Mstari wa tatu ulikuwa na pengo pale mbuzi walipopita, na maji yakaliona upesi kuliko sisi. Yakaondoka na nusu ya mstari. Tuliliziba kwa miche mipya na miiba. Baada ya hapo ua ukafunga, na nyuma ya mstari wa chini kabisa udongo ukajaa mpaka magotini, mweusi, laini, wenye majani makavu ya mashamba ya watu wa juu. Mjomba amepanda maboga hapo. Majani makuukuu ya vetiva huyakata na kuyatandaza chini ya migomba, kwa hiyo siku hizi hasemi tena kwamba mgeni yule hana cha kumpa, ijapokuwa ng'ombe wake bado wanampita kwa dharau.

Nilikwenda tena mwezi wa Aprili uliopita, mvua kubwa ilipokuwa imenyesha usiku mzima. Kabla ya kunywa chai nilikwenda chini ya mwembe nikapima kwa miguu. Hatua nane, kama Aprili ya mwaka uliotangulia. Niliporudi nilimkuta mjomba ameinama korongoni anapasua kichaka kwa jembe, na kando yake amesimama mtoto wa yule jirani wa juu, ameshika gunia tupu.

“Mwambie baba yako azipande leo hii, ardhi ingali mbichi,” mjomba alimwambia, akanitupia jicho. “Asingoje likizo.”