Rangi ingoje

Jamani, nyumba ya kupangisha ina maneno! Mimi na dada tumenunua moja pale Katesh, vyumba sita, ua mmoja. Hela iliyobaki haitoshi kurekebisha kila kitu, na mvua za Novemba hazisubiri mtu.

Dada anataka rangi, malumalu na gipsamu. Hoja yake si ya kipuuzi. Mwalimu au nesi anayehamia mji mdogo huangalia chumba dakika tano tu, na nyumba inayong'aa ndiyo inayolipiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Mimi nasema tuanze na maji. Siyo ya bomba, ya mvua. Mabati yana matundu ya misumari, na nyuma ya nyumba hakuna mtaro, kwa hiyo maji yanalala kwenye msingi. Ukipaka rangi ukuta wenye unyevu, itabanduka kabla masika hayajaisha. Ukifunga gipsamu chini ya bati linalovuja, umetupa hela mara mbili.

Halafu hii ni Hanang. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na miti vilishuka kutoka mlimani vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Serikali ilieleza kuwa haikuwa volkano: sehemu ya mlima ililowa maji ikameguka. Mtaro wetu hauwezi kuzuia kitu kama kile. Ndiyo maana kabla ya kununua tuliwauliza wazee wa mtaa tope lilipita wapi siku ile. Lakini mvua ya kawaida inakuja kila mwaka, na hiyo mtaro unaiweza.

Kwa hiyo orodha yangu ni hii: kwanza mtaro na mabati. Pili nyaya za umeme, maana zilizochakaa zinaua. Tatu choo. Nne milango na vitasa. Rangi mwisho, tena kwa kuanzia chokaa inatosha.

Dada amekubali mpaka namba mbili. Anasema nyumba kavu isiyo na mpangaji nayo ni hasara. Kwa hesabu za hela, kanishika. Ila mpangaji atalala na watoto wake chini ya bati letu, na kodi atatulipa kabla hajajua kama linavuja. Sisi tunajua.

Wewe ungeanza na nini?