Matembele kama maua ya uwanjani, Ifakara

Masika yakishika Ifakara, uwanja uliofagiwa ukabaki udongo mtupu hugeuka tope, na matone hulirusha hadi ukutani. Mimea inayotambaa huushika udongo huo. Matembele yanayashinda maua mengi ya kununua: marando machache ya jirani yanatosha kuanzia, yanafunika ardhi haraka, na majani yake yanaishia chunguni. Yale maua ya majani ya zambarau, yanayooteshwa kwenye makopo, yanapendeza kweli, ila utomvu wake huweza kuwasha ngozi ya mtoto. Karibu na mlango pabaki peupe, nyoka aonekane. Na malaria? Bonde la Kilombero ni la majaruba ya mpunga. Mbu wake huzaliana majini, si majanini. Vidimbwi vya uwanjani vifukiwe, chandarua kibaki kitandani.