TABORA–KIGOMA: DAKIKA 45 AU SIKU 53?

Chukua ramani, weka rula kwenye kiwanja cha ndege cha Tabora, ivute magharibi mpaka Kigoma. Unapata kilomita kama 350, karibu sawa na Dar mpaka Tanga kwa basi. Ndege ya panga boi, ile ya abiria sabini na kitu, inaumaliza mwendo huo kwa dakika 45 au 50. Soda yako bado iko nusu, mnaambiwa mfunge mikanda, Ziwa Tanganyika hilo!

Treni ya reli ya zamani ina hesabu zake. Wajerumani waliifikisha reli hiyo Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kati ya stesheni hizo mbili ni kilomita 411. Unalala, unaamka, unauliza tupo wapi, unajibiwa Nguruka. Uvinza kwenye chumvi bado.

Lakini msomaji wangu, usinung'unike. Burton na Speke walifika Tabora, enzi hizo ikiitwa Kazeh, Novemba 1857. Ziwani wakafika Februari 1858, Burton kabebwa na Speke macho hayaoni vizuri. Stanley na Livingstone ndio kabisa: waliondoka Ujiji Desemba 27, 1871, wakaingia Kwihara, hapo nje kidogo ya Tabora mjini, Februari 18, 1872. Siku 53! Walizungukia kusini, tena kwa mitumbwi kwanza, kukwepa hongo za Uha. Wakati wa kwenda Stanley alikuwa ameshakamuliwa nguo na shanga vya kutosha. (Madereva wa malori mnanielewa.) Na waliobeba mizigo si wao, ni wapagazi, kila mmoja na kilo 30 na ushei begani. Majina yao hatuyaoni kwenye vibao.

Mimi hizi hesabu nilizijulia msibani. Mwaka juzi mjomba alifariki Ujiji. Taarifa ilitufikia Tabora saa nne asubuhi, mazishi baada ya alasiri. Siku hiyo ndege hakuna, na treni mpaka usiku. Zile dakika 45 zikawa hadithi tu. Tukachanga, tukakodi gari dogo watu watano, tukapitia Urambo na Kaliua bila kusimama hata kununua maji. Tulifika saa mbili usiku. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa tangu mchana, watu wako kwenye mkeka wanakunywa chai. Shangazi hakulaumu mtu. Aliuliza tu kama tumekula njiani.

Sasa ameagiza dumu la asali ya Tabora, lita 20. Nimepiga hesabu: asali ya namna hiyo ni kama kilo 28, na begi la ndege kwa kawaida mwisho kilo 23. Kwa hiyo mwezi ujao nakwenda na treni, dumu chini ya kiti, miguu juu ya dumu.