Mama Mwenye Kukumbuka

Tukizungumza juu ya mila za Baluba, mara nyingi tunaanza na ngoma, mahari, vilio na majina ya mapacha. Mimi nataka kuandika juu ya kazi moja ambayo siku hizi haina ngoma, kazi ya kukumbuka, na juu ya mtu mmoja aliyeifanya hapa Likasi bila kuchaguliwa na mtu. Mtu huyo ni mama yangu mzazi.

Mama alizaliwa upande wa Malemba Nkulu. Alifika hapa mwaka 1956, akiwa bibi arusi, wakati mji ulikuwa unaitwa Jadotville na baba alikuwa mfanyakazi wa Union Minière ku Shituru. Masomo hakupata, kwenye karatasi za serikali aliweka kidole. Lakini kichwa chake hakikuachia kitu. Wazee wengi wana kumbukumbu nzuri, sikatai, ila yake ilikuwa ya namna ingine. Ukimwuliza mtoto wa fulani alizaliwa lini, alikuambia siku, kama mvua ilinyesha, nani alikata kitovu, na mboga gani ilipikwa jioni ile. Mu Septemba 1961, askari wa Irlandi waliotumwa na ONU walizingirwa hapa Jadotville na jeshi la Katanga siku nyingi, mpaka wakajitoa. Watu wa umri wake walikuwa wanasimulia masasi na ndege. Mama alisimulia hayo pia, halafu akaongeza jina la jirani aliyekopa kwake kikombe cha chumvi wiki ile na asirudishe. Jirani huyo alikuwa ameshakufa miaka ishirini.

Kijijini kwao watu hawakushangaa. Walisema mama yake alipokuwa na mimba aliota bibi mmoja wa ukoo anaomba nafasi ya kulala, na bibi huyo katika maisha yake alikuwa wa Mbudye. Basi mtoto alipewa jina la bibi, na kichwa cha bibi kikafuata jina. Hapa mjini maelezo yalikuwa mengine. Wenye kusali walisema ni zawadi ya Roho Mtakatifu. Wengine, hasa wenye madeni, walisema polepole kwamba ni bulozi.

Vijana wetu wengi hawajui tena Mbudye ilikuwa nini, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Ilikuwa chama cha watunza historia ya ufalme wa Baluba. Mtu aliingia kwa ngazi, akafundishwa, akalipa, akacheza ngoma, na wachache tu walifika ngazi ya juu, ambako walisoma lukasa. Lukasa ni kipande cha ubao kinachoenea mkononi, chembamba katikati, chenye shanga na pengine simbi, au alama zilizochongwa. Mjuzi alikishika na mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kuume juu ya shanga, na maneno yakatoka: safari ya Mbidi Kiluwe, ukatili wa Nkongolo Mwamba, vita vya Kalala Ilunga, mipaka, vyeo, mahali pa mizimu. Mu 1996 watu wa New York waliona mbao hizi katika maonyesho makubwa juu ya kumbukumbu na sanaa ya Baluba. Sisi, tulio karibu nazo, tunaziona kwenye picha.

Kitu kinachonigusa katika lukasa ni hiki: shanga moja haina maana moja. Mjuzi aliisoma kufuatana na ngazi yake, na kufuatana na watu waliokaa mbele yake na shauri walilokuja nalo. Mbele ya watu hawa alisimulia hili, mbele ya wale akalipita kidole kikiwa kimefunga mdomo. Tena hakuwa peke yake. Walikuwa wengi, na ubao wenyewe ulibeba sehemu ya mzigo. Jioni mtu aliweka lukasa chini, akala bukari yake kama watu wengine.

Kulikuwa pia na mwanamke aliyebeba zaidi. Mfalme wa Baluba alipokufa, makao yake hayakufutwa. Mwanamke mmoja, aliyeitwa Mwadi, alishikwa na roho ya mfalme yule, akachukua jina lake, akatunza masalio yake katika kikapu, akaletewa heshima na zawadi kama mfalme mwenyewe. Alipokufa, mwanamke mwingine wa ukoo wake alipokea nafasi. Watu wanapenda kusema ilikuwa heshima kubwa kwa wanawake. Ni kweli. Lakini mimi, niliyekua kando ya mama, najiuliza juu ya yule mwanamke kabla hajashikwa. Alikuwa na jina lake, na mambo yake mwenyewe ya kukumbuka. Yaliwekwa wapi?

Mama hakuwa na kikapu wala ubao. Alikuwa na avenyu moja ya kartie, yenye watu waliotoka kila upande: Malemba, Kabongo, Kasenga, Sandoa, Kasai, hata Rwanda. Union Minière ilikuwa imetafuta wafanyakazi mbali, na tangu miaka ya 1920 ilitaka wakae na bibi na watoto. Kijijini, ukitaka kujua kama kijana na binti ni wa ukoo mmoja, unauliza wazee kumi. Mu kampi wazee kumi hawakuwako. Waliuliza mama. Mahari ilikuwa ngapi, nani alishuhudia, nani alizikwa wapi. Kwenye kilio, ndugu walipogombana juu ya marehemu, walituma mtoto: “Kwenda kuita Mama, yeye njo anayua.” Hata mu 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoachishwa kazi kwa malipo ya mara moja, wanaume wazima walikuja kukaa kwenye mkeka wetu ili awaambie waliingia kazini msimu gani, maana karatasi zimeliwa na mchwa.

Alikuwa anajibu. Kisha usiku alikuwa halali. Tulimsikia akiongea polepole gizani, akitaja watu mmoja mmoja, na asubuhi macho yalikuwa mekundu. Siku moja aliniambia: “Kichwa yangu iko sawa magazini. Batu banatia, banatia, hakuna mutu anatosha.” Furaha ilirudi, lakini na uchungu pia ulirudi mzima, bila kupunguka. Dada yetu aliyekufa na surua mu 1964, sisi wengine tulimjua kwa jina tu. Mama alikuwa bado anasikia uzito wake mgongoni. Watu husema muda ni dawa. Kwake dawa hiyo haikufanya kazi.

Baadaye nilisoma kwamba wako watu wengine wa namna hiyo. Mwanamke mmoja wa Kalifornia, Jill Price, alijulikana mu 2006 wakati wataalamu walipoandika juu yake: aliweza kusema karibu kila siku ya maisha yake tangu utoto ilikuwaje, na yeye mwenyewe aliita jambo hilo mzigo. Nilimsimulia mama. Aliuliza swali moja tu: “Ule mwanamuke, eko na majirani?”

Swali hilo linanipeleka mu 1992.

Kwa wasiokuwako: mwezi wa nane mwaka ule, siasa ya Kinshasa iliposhuka hapa Shaba, kama mkoa ulivyoitwa wakati ule, ilibadilika kuwa vita ya majirani. Wenyeji wa mkoa waliambiwa Wakasai warudi kwao. Wengi wa Wakasai hao walizaliwa hapa, na baba zao walizaliwa hapa; Kasai waliijua kwa hadithi. Nyumba zilivamiwa, zingine zilichomwa. Maelfu ya watu walikimbilia stesheni ya Likasi na masomoni, wakakaa miezi na miezi chini ya mvua wakingoja treni ya kwenda Mwene-Ditu. Wengi, hasa watoto, walikufa pale na njiani.

Sasa, nani ni Mkasai? Mahali ambapo watu wameoana na kuzaliana miaka sabini, jambo hilo halionekani usoni. Majina yalisaidia wale vijana: mapacha wa kwetu ni Kyungu na Kabange, wa Kasai ni Mbuyi na Kabanga, na herufi moja ilitosha kumtoa mtu nyumbani mwake. Lakini watu wengi walikuwa na jina la Kifaransa tu, au jina la babu wa upande wa mama. Hapo ndipo mtu alikumbuka kwamba katika avenyu yetu yuko mama mmoja anayejua kila mtu alitoka wapi.

Walikuja jioni, vijana saba. Wawili kati yao mama alikuwa amewapokea siku waliyozaliwa. Walimwamkia vizuri, wakakaa. Mmoja alikuwa na kaye na bici. Walitaka atembee nao kwa kichwa tu, nyumba kwa nyumba, toka kona ya juu mpaka kona ya chini, aseme nani alitoka Kasai, na nani anajificha katika jina la bibi yake.

Mama alikuwa anachambua sombe. Hakuinua macho. Alisema: “Minasahabu.”

Walicheka. Walimkumbusha yeye mwenyewe ni nani. Akarudia: “Niko muzee, batoto. Minasahabu yote.” Yule mwenye kaye akataja nyumba ya tatu, ya mama wa mapacha, Mwambuyi kama tulivyomwita kwa heshima ya lugha yao. Mama akasema hajui mtu wa jina hilo. Mwambuyi alikuwa rafiki yake tangu 1958, walichota maji kwenye bomba moja, na mapacha wake walinyonya kwa mama wiki mbili alipokuwa hospitali. Mama alimkana mbele yetu sote kwa sauti kavu, na mikono yake haikuacha majani.

Vijana waliondoka na ukurasa mweupe. Nisimpambe mama kuliko ukweli: haikuokoa avenyu. Mwambuyi na watu wake waliondoka siku tatu baadaye, kwa sababu wengine walisema. Lakini kaye ile haikujaa kwa mdomo wa mama yangu.

Nilidhani hilo ndilo jambo gumu lililompata. Gumu zaidi lilikuja nyuma. Miaka mingi, kila aliposhuka ku soko ya Kikula, alikutana na vitu. Cherehani ya Mwambuyi ilikuwa inashona barazani kwa mtu mwingine. Aliijua kwa mlio wake. Baiskeli fulani, sufuria yenye alama ya msumari, koti la marehemu fulani juu ya mabega ya kijana anayemwamkia “Jambo Mama”. Sisi tulizoea, mtu anazoea kila kitu. Yeye hakuweza. Alianza kupita njia ndefu, kando ya reli, ili asione. Na wale wenye vitu walijua kwamba anajua. Wengine waliacha kumwamkia, na lile neno bulozi lilirudi.

Hapa Katanga tuna neno zuri, ukumbusho. Tunaliita picha za kuchora tulizotundika ukutani katika miaka ya 1970: mamba muntu, Lumumba, gereza la wakati wa Wabelgiji. Mu 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi katika picha karibu mia moja. Picha unaweza kuigeuza ukutani wageni wakija. Nilifikiri: mama atafutiwe ukuta.

Basi tangu 2005 nilinunua kaye, nikakaa naye Jumapili baada ya misa. Alisema, niliandika. Majina, kuzaliwa, ndoa, makaburi. Haikumtoa mambo kichwani, lakini alisema usiku yanapiga kelele kidogo kuliko mbele, kwani sasa tuko wawili. Tulijaza kaye tatu. Tulipofika 1992 alinyamaza muda mrefu, kisha akahesabu kwa kidole kurasa kumi na mbili na kuniambia niziache nyeupe. Nilimwuliza kama atarudi kuzijaza. “Hapana. Minayua penye ziko.”

Mama alikufa mu 2011. Watu wanakuja bado, na mimi nafungua kaye. Kuna mambo nasoma kwa sauti, kuna mengine nageuza ukurasa. Naona ni vile wa Mbudye walivyofanya na kidole chao. Mwaka jana binti mmoja wa Mwambuyi alipiga simu kutoka Mbuji-Mayi. Alitaka kujua kama kaburi la bibi yake linaweza kupatikana. Lilikuwamo, kaye ya pili: mstari wa nne toka ukuta, chini ya mti ambao siku hizi haupo, hatua kumi na moja kuelekea reli. Alinisikiliza, akaniomba nirudie polepole, alikuwa anaandika.