Diski isiyo na waya: tuangalie batri kwanza

Kasongo na Kabambare, picha za arusi, za matanga na za watoto zinakaa ndani ya simu. Simu ikiibwa ao ikianguka mtoni, kumbukumbu ya nyumba nzima imekwenda nayo.

Diski ya nje isiyo na waya inaweza kusaidia. Inatoa Wi-Fi yake yenyewe: baba, mama na watoto wanaunganisha simu na kutuma picha humo bila intaneti, bila kununua megabaiti.

Lakini mnunuzi asikimbilie ukubwa. Aulize kwanza moto utatoka wapi. Seagate Wireless Plus ya mwaka 2013 ilikuwa na terabaiti 1, na batri iliyotangazwa kufika saa 10. Leo, iliyokwisha kutumika, batri yake inaweza kuwa imechoka. Ijaribiwe mbele ya muuzaji, kwa Wi-Fi na kwa kamba. Nyumbani, plaki ya jua itoshe kuichaji.

Pili, njia. Diski yenye sahani inayozunguka haipendi kutikiswa. Ile itakayopanda pikipiki afadhali iwe SSD, isiyo na kitu kinachozunguka.

Tatu, nenosiri libadilishwe siku ya kwanza, jirani asifungue picha za watu.

Na diski moja haitoshi. Kabambare watu wamekimbia vijiji vyao wakiwa mikono mitupu. Nakala ya pili ikae kwa ndugu, mji mwingine. Nyumba hujengwa tena. Picha ya marehemu haipigwi tena.