Kupanda Amani kwa Motakaa ya Malazi



Wako watu wadhanio ya kuwa motakaa yenye kitanda na jiko ndani yake ni anasa ya wageni watokao Ulaya, ambao huonekana mara kwa mara katika njia kuu wakipita na nyumba zao juu ya magurudumu. Sisi tulipanda nayo mlimani kwa haja. Tunaye bibi yetu, dada ya babu, ambaye umri wake umepita miaka 80. Alizaliwa Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, siku zile baba yake alipokuwa mfanyakazi wa bustani za utafiti. Hata utafiti wa kilimo ulipohamishiwa Muguga, katika nchi ya Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, baba yake alishuka na watoto wake kutafuta kazi ya mkonge, na tangu siku hiyo Bibi hakupanda tena. Alikuwa mtoto wa miaka sita. Lakini katika uzee wake akaanza kusema, kila tulipoketi kula, ya kwamba ataka kuuona mti wa kwinini. Maana watoto wenye homa walipewa maji ya gome lake, na uchungu ule haujamtoka ulimini hata leo.

Basi tukafanya shauri. Pikipiki hawezi kupanda, kwa ajili ya miguu. Hema hawezi kulala, kwa kuwa akilala chini hainuki ila kwa watu wawili, naye huamka mara tatu usiku. Nyumba za wageni ziko, pale Zigi na pale Amani penyewe, ila mti alioutaka uko mbele zaidi, katika njia ya msitu, wala mzee wa namna ile hawezi kwenda na kurudi kwa siku moja. Ndipo kijana wetu dereva alipotoa shauri la kuchukua Toyota Noah yake, yenye kuvuta kwa magurudumu manne, akaing'oa viti vya nyuma, na seremala akatengeneza kitanda cha mbao juu ya makasha mawili. Katika makasha tukaweka vyakula, mablanketi, na jiko la gesi la mtungi mdogo. Ndoo yenye kifuniko ikawekwa miguuni mwa kitanda, na msomaji aliyekwisha kuuguza mzee ajua ni ya nini.

Seremala alitaka kutufungia na tangi la maji la lita 100. Tukakataa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na lita 100 ni kama kumpakia mtu mnene na mzigo wake, asiyeshuka kusukuma gari likwamapo. Tena twaenda mahali gani? Amani hupata mvua ya milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka, na mto Zigi utokao katika milima ile ndio unywesha mji wa Tanga, kwa bwawa la Mabayani. Kumchukulia maji mwenye mto ni kazi bure. Tulipakia madumu mawili ya lita 20 na sufuria ya kuchemshia. Uzito tuliookoa tukaujaza kwa vitu vya njia: beleshi, panga, kamba nene, jeki na kibao cha kuiwekea chini isizame topeni, na mbao mbili za kutandika mbele ya magurudumu.

Kutoka Muheza njia hupita kwanza katika michungwa, nchi tambarare na yenye joto. Hata ufikapo Zigi, kwenye lango la hifadhi, hulipa ada kwa watu wa Wakala wa Huduma za Misitu na kuandikwa jina lako. Zamani za Wajerumani reli ndogo ilifika hapo kutoka Tengeni kwa ajili ya mbao. Sasa hakuna garimoshi. Kutoka Zigi mlima waanza kweli. Njia ni ya udongo mwekundu na mawe, nyembamba, yenye kona zinazojikunja kama utumbo, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde ambalo kina chake hakionekani kwa miti. Dereva alitia gia ya kwanza na kuiacha humo. Kila kona alipiga honi, kisha akasikiliza.

Yampasa mgeni ajue njia ile ni ya nani. Si ya watembezi. Ni ya pikipiki zishukazo na magunia ya iliki, na ya malori yabebayo majani mabichi ya chai, ambayo yakichumwa leo hayana budi kufika kiwandani leo, la sivyo yaharibika na jasho la wachumaji limepotea. Lori la chai likija, mwenye motakaa ya malazi ndiye arudiye nyuma, hata kama ni hatua mia. Tulirudi nyuma hivyo mara mbili siku ya kwanza, mmoja wetu akitembea nyuma ya gari akionyesha kwa mkono, na hapo ndipo tulipofurahi ya kuwa gari letu ni dogo. Nyumba kubwa za magurudumu kama zile za njia kuu zingeweza kuifunga njia nzima kutwa.

Msitu wenyewe ungetaka barua nyingine. Hifadhi ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, lakini bustani yake ya miti ilianza mwaka 1902, Wajerumani walipoweka kituo cha kujaribia mimea ya nchi nyingi. Katika milima hii na kando ya Tanga hupatikana ua dogo la zambarau, lenye majani ya manyoya, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao mwaka 1892, na leo hupandwa katika vikopo madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Kwetu huota juu ya mawe yenye kivuli na unyevu, wala apitaye mbio halioni. Lakini si kila kilicholetwa au kutolewa kilikuwa na faida: mti uitwao Maesopsis ulipandwa hapo na watu, hondohondo wakala matunda yake na kutawanya mbegu, na sasa umejipenyeza katika msitu wa asili kila mahali ulipokatwa.

Tulisimama kila siku saa kumi za jioni, hata kama njia ilikuwa njema, kwa kuwa katika msitu giza huanguka kabla ya jua kutua. Kwa ruhusa ya watu wa hifadhi tulichagua mahali palipo wazi, mbali na miti mizee yenye matawi makavu, wala si katika mfereji wa maji ya mvua, wala si mahali malori yageuziapo. Kisha tukaweka mawe bapa chini ya magurudumu ya upande wa chini, ili kitanda kiwe sawa na Bibi asiporomoke usiku. Jiko tulipikia nje, chini ya turubai. Hapa twasema kwa nguvu, maana twajua baridi ya mlima hushawishi: jiko la mkaa lisiingizwe kamwe ndani ya gari lililofungwa. Moshi wake usioonekana huua waliolala bila kuwaamsha. Afadhali mablanketi matatu na dirisha lililofunguliwa upana wa kidole.

Usiku wa kwanza perere walilia juu ya miti. Asiyemjua mnyama yule, aliye mdogo kama sungura, hudhani mtu anachinjwa. Sisi vijana (tujiite vijana mbele ya Bibi) tulikaa kitako wote. Yeye akasema, "Laleni, wajukuu zangu. Hao walikuwapo."

Usiku wa pili ikanyesha. Ikanyesha na siku iliyofuata kutwa, na usiku wake tena. Asubuhi ya siku ya nne njia ya mbele ilikuwa kama sabuni, na tulikuwa hatujauona mti. Bibi hunywa dawa ya presha kila siku, na vidonge alivyopewa hospitali vilikuwa vimebaki vitatu. Dereva alitaka kushuka papo hapo. Wengine tukataka kungoja. Bibi hakusema neno. Alikaa mlangoni mwa gari, shuka mabegani, akitazama ukungu.

Akapita kijana wa pikipiki, amezungusha mnyororo katika gurudumu la nyuma ili lishike matope. Tukamsalimu, tukamwuliza. Akasema, "Wazee wangu, kushuka leo ni hatari kuliko kwenda mbele, kwa sababu mteremko wa chini haujapata jua. Mbele ni tambarare mpaka kwa yule mzee mwenye iliki. Ngojeni hata saa sita." Basi dereva na mmoja wetu wakaenda kwa miguu, wakapima tope kwa fimbo, wakafukia mashimo mawili kwa mawe. Jua likatoka saa tano. Saa saba tukapunguza upepo kidogo katika matairi yapate kukanyaga kwa upana, sote tukashuka isipokuwa Bibi na dereva, na gari likaenda mwendo wa mtu aendaye kisimani. Mahali pamoja lilianza kuteleza upande wa bonde. Tukatandika mbao, tukasukuma, likapita.

Mzee mwenye iliki alitupokea vizuri. Bibi akampa mkono, wakaulizana koo na majina, mpaka wakampata mtu mmoja wa zamani waliyemjua wote wawili. Mti wa kwinini ulikuwa nyuma ya shamba lake, mmoja, mwembamba kuliko tulivyotazamia. Nyumba za wafanyakazi hazikuwapo tena. Palikuwa na migomba. Mzee akaokota kipande cha gome kilichokwisha kuanguka, akakifuta kwa kanga ya mkewe, akampa Bibi. Akakiuma. Uso wake ukakunjamana wote, akatema kando, akasema, "Ndio wenyewe." Kisha akacheka mpaka akashikwa na kikohozi.

Tulilala hapo. Siku ya tano tukashuka kwa gia ya kwanza, bila kukanyaga breki ila kwa kugusa, na mara mbili tulisimama kuyaacha magurudumu yapoe, kwa kuwa harufu ya breki zenye moto ilikuwa imeanza kuingia ndani. Pale Zigi tukajaza matairi upepo kwa pampu ya mkono. Siku ya sita asubuhi tulikuwa Muheza, na kidonge cha mwisho Bibi alikimeza hapo, kwa chai ya maziwa na andazi.